Zile rimu za Datsun, usilipe kwanza

Yakhe asalamu alaykum, mama hajambo? Huku Wete sote wazima alhamdulillahi. Nakuandikia mbio mbio maana Makame kanambia yule jamaa wa Mwanakwerekwe anataka pesa yake kesho, za zile rimu za inchi 15 upana 8. Tafadhali usimpe hata shilingi kabla hujazigeuza nyuma ukasoma.

Gari unaijua, Datsun 1200 pikapu, tushaishusha mbele na nyuma, na kuitaka ikae pana naitaka kweli, usiku naiota. Lakini ikishashuka nafasi ya ndani ya madigadi inapungua. Tairi 195/50 ya rimu 15, yaani upana milimita 195 na ubavu asilimia 50 ya upana huo, kimo chake sentimita 57 na nusu, ile ya zamani 155 ya rimu 12 ni 55 na kidogo, sasa tumeshusha gari halafu tutie tairi refu zaidi liende wapi? Mie nataka 185/60 ya rimu 13, kimo kile kile cha zamani, upana ndo unaongezeka, na spidomita haidanganyi. Rimu iwe upana inchi 6, tundu 4 za nati, na duara la hizo tundu milimita 114.3.

Na kubwa kuliko yote ni ofuseti, yaani milimita ngapi pale rimu inapofungwa pako mbali na katikati ya upana wake, nyuma ya rimu huwa pameandikwa ET na namba. Namba ikiwa kubwa gurudumu linaingia ndani linasugua shokapu, ikiwa sifuri linatoka nje na mdomo wa madigadi unakata mpira siku tumepakia karafuu. Ukipanua rimu inchi 2 kwa ET ile ile, inchi 1 inaingia na 1 inatoka, hesabu ndo hiyo. Akikwambia tutie spesa, kile kipande cha kusukuma gurudumu nje, mkatalie, beringi za gari kongwe zinaonewa, na gari ya marehemu baba siifanyii majaribio.

Tairi nazo tizama ubavuni, zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Mpira mkongwe usichukue hata ukiwa na meno.

Lakini ET kwanza yakhe, nipigie picha. Hizo rimu zina alama ya kuchomelewa? Yule fundi wa Amani bado anakunja midomo ya madigadi bila kubandua rangi? Meli ya mizigo inatoka lini? Na mtoto matokeo yake yametoka? Nijibu leo leo, pesa nakutumia nikishaona picha.