Kesi ya unajisi haimalizwi na wazee

Mhariri,

Hapa Malindi bado wapo wanaoamini kwamba mtoto akinajisiwa, wazee wa pande mbili wanaweza kuketi, kukubaliana fidia, kutia dole gumba kwenye karatasi, na kesi ikafa. Karatasi hiyo haiifungi mahakama. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya baba wala mjomba wa mtoto, na kwa mujibu wa Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010, hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa bila idhini ya mahakama. Ni kweli kwamba Kifungu cha 159 kinahimiza upatanisho, lakini hakiruhusu njia za jadi zinazokiuka haki za binadamu. Nayo Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake. Kosa zito namna hii litalipwaje kwa mbuzi na bahasha ya pesa, tena pesa ambazo mtoto mwenyewe huenda asizione?

Ninachokihofia zaidi ni kufichwa kwa mashahidi. Mama huambiwa ampeleke binti kwa shangazi yake siku ya kusikilizwa kwa kesi, naye hakimu, baada ya kuahirisha tena na tena, hubaki na faili isiyo na shahidi. Naiomba ofisi ya mashtaka iwahi kuomba amri za kuwaita mashahidi, na chifu anayealikwa kwenye vikao hivyo aripoti polisi badala ya kuvibariki.

Mzazi,
Malindi