Usiweke hati ya nyumba rehani kwa ajili ya reli

Mwanangu,

Mama yako amenionyesha karatasi za benki ulizomwachia azisaini. Hajasaini, na mimi sijasaini. Nyumba hii ya Buhongwa ni nyumba ya ndoa. Hata kama hati ina jina langu peke yangu, benki haiwezi kuipokea rehani bila ridhaa yake, kwa hiyo acha kumpigia simu saa ambazo unajua sipo. Ukiwa na neno, lilete kwetu sote wawili kabla hujaondoka kwenda Dodoma.

Najua chanzo cha haraka hii. Umesema mwenyewe mbele ya baba yako mkubwa: Magufuli alisema daraja, daraja lipo, alisema reli, reli itafika, kwa hiyo mwenye akili ajenge fremu za maduka Fela, inakopita reli, sasa hivi, kabla viwanja havijapanda. Naomba tuyachambue haya polepole, maana umeyachanganya mambo mawili, na ukiyachanganya utatupotezea nyumba.

La daraja ni kweli, wala sibishi. Jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi, hapa Ziwa Victoria, Magufuli aliliweka Desemba 2019, akafariki Machi 2021, na Rais Samia akalifungua Juni 2025. Ni kilomita tatu za daraja. Mgonjwa anayetoka Sengerema kuja Bugando hasubiri tena kivuko. Anayesema mtu yule hakuacha kitu kwenye ziwa hili hasemi kweli.

Lakini baba yako mkubwa alipotaja milioni 50 za mikopo ambazo Magufuli aliahidi kila kijiji, ulimjibu kwamba hayo ni maneno ya wapinzani. Si ya wapinzani. Ilikuwa ahadi ya kampeni ya mwaka 2015, ikatamkwa majukwaani nchi nzima, na fedha hizo hazikufika vijijini. Fanya hesabu mwenyewe. Vijiji ni zaidi ya 12,000. Zidisha kwa milioni 50 upate zaidi ya bilioni 600. Daraja limegharimu zaidi ya bilioni 700. Hizo namba hazipishani sana. Kwa hiyo kusema tu kwamba nchi haikuwa na fedha hakutoshi.

Tofauti ni hii, na ndiyo ninayotaka uishike. Daraja lilikuwa na mkataba. Mkandarasi anajenga, kazi inapimwa, mhandisi mshauri anahakiki, hati ya malipo inakwenda TANROADS, wakala wa barabara, kisha Hazina inatoa fedha. Hazina ikichelewa, mkandarasi anadai riba juu ya deni lake, na riba za namna hiyo CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, amezitaja katika ripoti zake mara nyingi. Kuna mtu anayedai, na ana karatasi ya kudaia. Milioni 50 haikuwa na mkataba wowote. Mwenyekiti wa kijiji angekwenda kudai kwa hati gani, na mbele ya nani? Ahadi isiyo na mdai mwenye karatasi ndiyo ya kwanza kuachwa bajeti inapobana. Ingekuwa hivyo kwa rais mwingine yeyote, kwa hiyo usidhani namchukia marehemu.

Na ulivyomwita baba yako mkubwa mvuvi haramu mbele ya wajukuu zake, hapo hukunifurahisha hata kidogo. Operesheni ya mwaka 2018 dhidi ya uvuvi haramu ilikuwa na sababu. Kokoro, ule wavu wa kukokota, linazoa mazalia, na sangara wa chini ya sentimita 50 hajazaa bado. Wa zaidi ya 85 naye alikuwa haruhusiwi wakati huo kwa kuwa ndiye mzazi. Hayo baba yako mkubwa anayajua kuliko wewe na mimi. Anacholalamikia ni kwamba nyavu zilichomwa na mtu akabaki na mtumbwi mtupu, bila mkopo wa kununua nyavu halali, wakati fedha za mikopo ya kijiji zilikuwa zimeahidiwa miaka mitatu nyuma. Huoni kwamba ni hoja ileile moja? Mpigie simu umwombe radhi. Usimtumie ujumbe wa maandishi, mpigie.

Yeye naye alipitiliza aliposema mtu mdogo hakupata lolote. Kitambulisho cha mjasiriamali cha Desemba 2018 kilikuwa Sh 20,000 kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mama wa sokoni anayetozwa 500 kwa siku, kwa siku 300, hutoa 150,000. Huyo alipata nafuu ya kweli. Na elimu bila ada tangu 2016 imewabeba watoto wengi wa ukoo huu. Nitamwambia hivyo mwenyewe, wewe usirudi kwenye ubishi huo.

Sasa turudi kwenye hati. Najua kwa nini benki inaitaka, ingawa hukumweleza mama yako. Mshahara wako wa msingi ni 900,000. Toa mchango wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, ambayo ni 45,000. Toa bima ya afya asilimia 3, 27,000. Toa Bodi ya Mikopo asilimia 15, 135,000. Ilikuwa asilimia 8 hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, wakati wa huyohuyo unayemtetea, na ile tozo ya asilimia 6 juu ya deni iliondolewa na Rais Samia Mei Mosi ya 2021 hapahapa Kirumba. Toa na kodi, kama 91,750. Unabaki na 601,250. Mtumishi haruhusiwi kubaki na chini ya theluthi ya mshahara wa msingi, yaani 300,000. Kwa hiyo mshahara wako unaweza kubeba marejesho ya laki tatu, basi. Mkopo unaoutaka haubebeki hapo, ndiyo maana wanaitafuta nyumba.

Milioni 20 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka mitatu ni marejesho ya kama 713,000 kila mwezi, endapo riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua. Wakihesabu kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, riba inakuwa milioni 10.2 na rejesho linafika karibu 839,000. Karatasi uliyoleta haisemi ni ipi kati ya hizo mbili. Umeuliza?

Nimepitia na hesabu yako ya fremu. Ya matofali na mabati umeipiga vizuri sana, hata fundi wetu ameisifu, nami nimeona fahari. Ya mapato ndiyo haikai. Umeandika fremu tano, kila moja 150,000, jumla 750,000. Umesahau kodi ya zuio ya pango, asilimia 10. Inabaki 675,000. Yaani hata zikijaa zote tano, kila mwezi, bila mpangaji kuhama, bado unapungukiwa 38,000 kwenye rejesho la chini. Na rejesho la kwanza linakuja msingi ukiwa haujakauka, isipokuwa benki ikupe miezi ya kusubiri, nayo riba haisubiri.

Na zitajazwa na nani? Mkataba wa reli ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ulisainiwa Januari 2021, na jiwe la msingi likawekwa Juni mwaka huohuo palepale Fela. Muda wake ulikuwa miezi 36. Imeisha na treni haijafika. Tena huo una mkataba na mkandarasi! Hata kipande hicho kikikamilika leo, treni haiendi Dar es Salaam mpaka Isaka–Tabora kilomita 165 na Tabora–Makutupora kilomita 368 vikamilike navyo. Wateja unaowaona Fela sasa ni mafundi wa ujenzi. Kazi ikiisha wanaondoka, na abiria wa treni akishuka anatafuta daladala ya mjini.

Nenda Kigongo ukatazame kabla ya safari. Waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga, maji na muhogo kwenye foleni ya kivuko, daraja limekamilika na magari hayasimami. Ahadi imetimizwa na wateja wamepita juu. Kama kuna mmoja wao aliyeweka nyumba rehani kujenga pale, sasa analipa nini?

Usiweke hati rehani. Ukishindwa kulipa, notisi ni siku 60, kisha tangazo la mnada siku 14, kisha anakuja dalali na watu wa kutoa vyombo nje. Wewe utakuwa Dodoma. Mama yako atakuwa hapa.

Kama unakitaka kiwanja cha Fela, kinunue kwa akiba yako, lakini kwanza thibitisha ofisi ya ardhi Misungwi kwamba hakimo kwenye hifadhi ya reli wala ya barabara, kwa maana kilichojengwa ndani ya hifadhi hubomolewa bila fidia. Muuzaji asaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mwanasheria, na mke wake asaini. Jenga fremu mbili, usijenge tano. Msingi mwaka huu, ukuta mwakani. Mkopo wa mshahara usiozidi laki tatu kwa mwezi sitaupinga, huo unakuumiza wewe peke yako na kazi yako unaiweza. Hati usiiguse.

Mama yako anauliza kama nyumba uliyopanga Dodoma ina maji ya bomba au utahitaji madumu. Amekuwekea michembe na dagaa waliokaangwa. Dagaa usiwafungie kwenye mfuko wa plastiki wakiwa na joto, watavunda njiani. Pampu ya kisima imeanza kuvuta hewa, nadhani ni vali ya chini, nitamwita fundi Jumamosi. Mdogo wako anahitaji michango ya shule 45,000 kabla ya tarehe 15, nimetoa 25,000, wewe malizia. Gunia la mchele limefungwa tayari. Siku ya safari uwahi stendi ya Nyegezi saa kumi na moja alfajiri ulipakie mwenyewe na uchukue risiti ya mzigo. Karatasi za benki nimezirudisha ndani ya bahasha yake, zipitie ukija kuaga.

Baba yako.