Barua kwa mwanangu: nimekubakizia majina manne

Mwanangu,

Jumapili uliponipigia simu uliniomba kitu kilichoonekana chepesi: "Mama, nitumie orodha ya sehemu nzuri za kula, wewe si umezunguka?" Ulitaka uipate kabla hamjaanza safari, wewe na wenzako, kwa njia ile ile tuliyokuwa tukipita nanyi mkiwa wadogo. Nikalitoa lile daftari la jalada la buluu, lenye doa la mafuta lililopenya kurasa sita, nikaanza kunakili. Nilifikisha majina kumi na tano. Kisha nikaanza kufuta. Yamebaki manne, na barua hii ni ya kukueleza yale mengine yamekwenda wapi.

Chukua ile supu. Sidhani kama unaikumbuka, ulikuwa na miaka sita. Gari lilituharibikia, tukanyeshewa karibu saa tatu nzima, mdogo wako amelia mpaka sauti imekauka, ndipo tukaona taa na mlango ulio wazi. Usiku ule niliandika daftarini, "Supu bora maishani mwangu," nikapiga mistari miwili chini yake. Miaka miwili baadaye tukapita tena, tukiwa wakavu, hatuna njaa kubwa. Tukaagiza ile ile. Ilikuwa supu. Haikuwa mbaya, ilikuwa supu tu kama supu nyingine. Siku ile ya kwanza tulichokisifu ni paa na moto. Ningekupa jina lile bila kukwambia habari ya mvua, wenzako wangekutazama na kukuuliza mama yako ana nini.

Jingine nililifuta kwa aibu. Kwa miezi mingi niliwaimbia wenzangu kazini sifa za mgahawa mmoja, mpaka siku ya kumuaga mwenzetu mmoja wakasema twende huko kwako. Mimi nilikuwa sijakanyaga pale kwa miaka mitatu. Mpishi alikwishaondoka, na chakula kililetwa kikiwa vuguvugu. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma: wote walisifu viti. Tangu siku hiyo jina lisilo na tarehe nalihesabu kama uvumi. Unapomwambia mtu "nenda pale ukale," umemdhamini mpishi ambaye hukai naye, na mdhamini mwenye busara husema dhamana yake inaishia lini.

Kuna Mmarekani mmoja aliyeitwa Duncan Hines, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa gari akiitafutia wateja kampuni ya uchapaji ya Chicago. Kwa kuwa alikula njiani karibu kila siku, akawa anaandika sehemu anazoweza kuziamini. Marafiki walimsumbua kwa maswali hata Krismasi ya 1935 akaamua kuwatumia kadi yenye orodha ya sehemu 167. Alidhani amejipumzisha. Kumbe maombi yalizidi, na mwaka 1936 orodha ikawa kitabu. Ninachompendea ni kwamba alikuwa na tabia ya kutaka kuliona jiko. Baadaye jina lake likabandikwa kwenye maboksi ya unga wa keki, na leo wengi wanaolijua hawajui kwamba lilikuwa la mtu. Mimi nimebaki na daftari lenye doa, sijambo.

Na wale ndugu wa Michelin, wenye matairi, walitoa kijitabu chao cha kuwaongoza wasafiri mwaka 1900 wakakigawa bure kwa wenye magari, kwa hesabu rahisi kwamba anayetembea sana atanunua matairi sana. Nyota za kuisifu migahawa zilikuja mwaka 1926. Wakaguzi wao huingia bila kujitambulisha na hulipa bili kama mteja mwingine. Lakini nilichowaibia mimi ni maana ya zile nyota: moja ni mahali penye chakula kizuri panapostahili kusimama, mbili ni mahali panapostahili kupindisha njia, tatu ni mahali panapostahili safari yake yenyewe. Daftarini mwangu nimeandika kwa namna yangu: "ukiwa mtaa huo," "kata kona," na "panga safari." Ukilipekua utaona karibu kila jina ni "ukiwa mtaa huo." Wala si matusi. Mtu mwenye njaa saa nane mchana hataki kuambiwa habari ya mahali pa kupangia safari.

Nyota za kwenye simu ni mambo mengine. Mwaka 2017 kijana mmoja wa London, Oobah Butler, alibuni mgahawa kwenye kibanda cha bustanini kwake. Akapiga picha za "vyakula" vilivyotengenezwa kwa vitu kama povu la kunyolea, akawaomba marafiki waandike sifa kwenye TripAdvisor, tovuti ambayo wateja huandika maoni yao. Kufikia Novemba kibanda hicho kilikuwa namba moja London nzima, na hakijapakua hata sahani moja. Sisemi usisome maoni ya watu. Mimi nayasoma, tena sana, baba yako ni shahidi. Ila naanzia katikati, kwa wale waliotoa nyota tatu, kwa sababu hao hawana mapenzi wala kisasi. Natafuta tarehe, na natafuta kitu ambacho hawezi kukijua mtu asiyeketi pale: kwamba meza ya karibu na ngazi inapigwa na upepo, kwamba mhudumu wa jioni husahau maji. Anayeandika "chakula kitamu, huduma nzuri, tutarudi" hajaniambia kitu.

Ukishafika mlangoni, usitazame foleni. Foleni ndefu huenda imetokana na mpokea pesa mmoja mzito. Tazama sahani zinazorudi jikoni. Zikirudi tupu, kaa. Zikirudi nusu nusu, sema umesahau simu kwenye gari. Menyu yenye kurasa nyingi nami hatupatani. Hakuna jiko dogo linaloweza kupika vyote hivyo kwa siku moja bila kuwa na friza kubwa nyuma yake. Na chakula kilichopangwa tayari kwenye kabati la kioo kikitoka moshi, vizuri. Kama hakitoki, kipishe. Shirika la Afya Duniani linasema chakula cha moto kikae juu ya nyuzi joto 60, na kilichopikwa kisizidi saa mbili katika joto la kawaida la chumba. Hutatembea na kipimajoto, lakini una mkono.

Bekari niruhusu nirefushe. Mgahawa unaweza kukuficha mambo kwa taa hafifu na muziki. Mkate hauna pa kujificha: una unga, maji, chumvi, hamira na muda, na muda ndio ghali kuliko vyote. Donge lililoachwa liumuke polepole usiku kucha hupata ladha ambayo lile lililoharakishwa kwa hamira nyingi haliipati kamwe. Ndiyo maana waokaji wako macho wakati sisi tunakoroma. Kwa hiyo usimwambie mtu "bekari ile ni nzuri." Mwambie "ni nzuri saa moja asubuhi." Akienda saa kumi jioni atakuta mabaki, amhukumu mwokaji kwa kosa la saa.

Harufu isikuhadae. Maduka mengi siku hizi huletewa madonge yaliyogandishwa, au mikate iliyookwa nusu kiwandani, kazi yao ni kuimalizia kwenye oveni ya dukani. Harufu itakuvuta vile vile kutoka ng'ambo ya barabara. Uliza tu kwa adabu, "Unga mnakandia hapa hapa?" Anayekandia pale atakujibu kabla hujamaliza swali. Mwingine atakwambia subiri nimuulize meneja.

Halafu tazama rangi. Watu huchagua mkate uliopauka wakidhani uliokolea umeungua, na wewe ulikuwa hivyo hivyo, ukinililia nikumenyee ganda. Ile kahawia ndiyo ladha yenyewe. Ganda likipita kama nyuzi 140, sukari na protini za unga huungana na kuzaa ladha na harufu kwa mamia. Aliyeeleza jambo hilo mwaka 1912 ni Mfaransa Louis-Camille Maillard, naye wala hakuwa na habari na mkate. Alikuwa akichunguza jinsi protini zinavyoundwa mwilini. Ugeuze mkate, uugonge chini kwa kidole: ukilia kama ngoma, umeiva mpaka ndani. Ukibahatika kuufikia unapotoka tanurini, sogeza sikio, utausikia ukialika alika ganda linapopoa na kusinyaa. Mdogo wako alikuwa akisema mkate unaongea. Lakini usiukate ukiwa wa moto vile, ndani bado unajimalizia, utanata kisuni kama gundi. Na ukibaki, usiutie kwenye friji! Baridi ile huufanya ugumu upesi kuliko ukiuacha mezani umefungwa kitambaani, kwa sababu wanga wake hujipanga upya na kukaza. Kama ni wa siku nyingi ugandishe kabisa. Nimemwambia hivyo baba yako kwa miaka ishirini, na asubuhi ya leo nimeukuta kwenye friji.

Sasa nyumbani, ambako ulidhani ndiko kwepesi. Ile bekari ya kona nimenunua mkate wake tangu kabla hujazaliwa, na siwezi kukwambia kama ni mzuri. Nikiung'ata nasikia wewe ukitoka shule. Shangazi yako alipokuja kututembelea aling'ata kipande kimoja, akasema, "Mbona sukari nyingi hivi?" Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikanunua, nikajifanya mgeni, nikala nimesimama dirishani bila chai. Shangazi yako alikuwa sahihi. Tangu hapo kurasa za nyumbani katika daftari naziacha wageni waandike. Mwandiko wa shangazi yako umejaa humo, na ana ulimi mkali kuliko wangu.

Ila lipo jambo moja la nyumbani ambalo sijajisamehe. Palikuwa na mgahawa wa meza tano, mke akipika na mume akihudumu, mzuri kuliko yote tuliyowahi kuikuta karibu nasi. Mimi na baba yako tuliufanya siri. Tuliogopa ukijulikana tutakosa meza. Wahenga walisema chema chajiuza, nasi tukajificha nyuma ya methali hiyo. Haukumaliza mwaka. Jioni moja tulikuta mlango umefungwa na viti vimepandishwa juu ya meza, tukasimama pale kama watu waliofiwa. Kumbe kizuri kula na mwenzio ilikuwa ikituhusu sisi. Mahali padogo hapana tangazo la barabarani. Pana mdomo wako tu. Hivyo, pamoja na haya yote ya kufuta na kuchagua, ukipapenda mahali padogo, pataje siku hiyo hiyo, na uwaambie na wenye mahali kwamba umepapenda.

Kabla hujampa mtu jina, mfikirie yeye kwanza. Baba yako akiwa ndani ya kelele hasikii hata ladha. Rafiki yako yule ambaye ngano humdhuru usimwambie kamwe "pale ni salama kwako". Mwambie apige simu awaulize jikoni mwenyewe, maana vumbi la unga kwenye ubao wa kukatia linatosha kumlaza, na wewe hukuuona ubao huo.

Nimekuwekea karatasi ndani ya bahasha. Kila jina lina mwezi na mwaka, tulichokula, saa tuliyofika, na hali tuliyokuwa nayo. La kwanza ni "kata kona," lakini nenda mchana tu, usiku anapika mwingine. La pili ni bekari; fika mapema, chukua ule wa ganda jeusi jeusi, usisikilize wenzako. La tatu limeandikwa na shangazi yako, mimi sijafika, kwa hiyo lawama zikitokea mpelekee yeye.

La nne ndilo pekee nililoliandikia "panga safari," na jina lake sinalo. Ukurasa ule ndio uliolowa mafuta, limebaki "ya Samaki" na nusu ya neno jingine. Ni kando ya daraja refu, jengo la ghorofa moja, wewe ulilala mezani na shavu lako likapata alama ya kitambaa. Nimemuuliza baba yako, amesema ukivuka daraja ni kushoto. Ni kulia.

Mama yako