Semina za kilimo hai zipo nyingi, anayerudi shambani ndo hayupo

Mhariri, salaam na pole na kazi.

Naomba nafasi niongee kuhusu haya mafunzo ya kilimo hai, kile cha bila mbolea wala sumu za viwandani, tunayopewa wakulima, maana kila mara naona kwenye magazeti picha ya wakulima waliopatiwa elimu, fulana mpya, bango nyuma, mgeni rasmi katikati, na huwa najiuliza hao watu msimu uliofuata walilima nini na waliuza wapi, hiyo habari haiandikwi. Mi ni mkulima wa mboga huku Mgeta, Mvomero, kwenye milima ya Uluguru, na ndo katibu wa kikundi chetu, kwa hiyo semina nyingi nimezikalia na mihutasari nimeandika mwenyewe. Sizipingi hata kidogo. Shida yangu ni kwamba elimu inaanza saa tatu asubuhi na inaisha saa tisa mchana siku hiyo hiyo, watu wakishasaini karatasi ya nauli basi.

Chukua mfano wa mboji. Mboji ya kueleweka unapanga matabaka, majani makavu, majani mabichi, samadi, majivu, udongo kidogo, unamwagia maji, unachomeka kijiti katikati cha kupimia joto, unageuza kila baada ya wiki mbili tatu, na inachukua kama miezi miwili mpaka mitatu kuiva, huku kwetu juu kwenye baridi inachelewa zaidi ya hapo. Sasa mtu anapanda mlima kuja kunifundisha mboji mwezi wa tatu, mvua za masika zimeshaanza, kabichi ipo kitaluni inasubiri kuhamishwa, hiyo mboji niitumie lini? Ukiuliza kwanini hamkuja mapema unaambiwa fedha za mradi zilichelewa kuingia na ripoti inatakiwa kabla ya mwezi wa sita. Yaani kalenda ya wafadhili ndo inaamua mkulima ajifunze nini na lini. Kama ni mboji ya masika tufundisheni Novemba au Disemba, ya vuli tufundisheni Juni au Julai, mabua na majani yapo ya kumwaga. Hili halihitaji hata shilingi moja ya nyongeza, linahitaji mtu aangalie mvua kabla ya kuandika proposo.

Alafu kuna la mahali. Kuna wataalamu walitujia na kabrasha zuri kabisa la dawa za asili, kurasa kibao ni mwarobaini, majani yake, mbegu zake, mafuta yake. Huku juu mwarobaini haustawi jamani, huo ni mti wa joto, wa kule chini! Sisi tuna mmea wa utupa, unaota vizuri tu, unafukuza wadudu wengi, lakini utupa huo huo ndo wazee walikuwa wanalegezea samaki mtoni, sasa kama hujamwambia mtu kwamba asioshe ndoo wala bomba kwenye kijito utakuwa umeua samaki kwa jina la kilimo hai. Vitu kama hivi huwezi kuvijua ukiwa na projekta ukumbini, unavijua ukishuka matuta mawili matatu na mwenye shamba akakuonyesha.

Ila kubwa zaidi ni kile kipindi cha mpito, kinachofuata baada ya kuacha mbolea za chumvichumvi na sumu za dukani. Udongo uliozoea urea haubadiliki kwa msimu mmoja. Mavuno yanashuka, mdudu kantangaze yupo kwenye nyanya, ugonjwa wa baka jani unaingia ukungu wa mlimani ukikaa siku tatu, jirani anapuliza sumu yake upepo unaileta kwako, na dalali akija kuchukua tenga anakupa bei ile ile anayompa jirani, hajali umelimaje. Hapo ndo mkulima anataka mtu wa kumpigia simu aulize, hii dawa ya kopa (shaba) kwenye kilimo hai inaruhusiwa au hairuhusiwi, na kama inaruhusiwa ni kiasi gani, mitego ya kantangaze niweke mingapi na niipate wapi. Namba aliyoachiwa kwenye semina haipatikani. Bwana shamba wa kata mtu mzuri tu, na maafisa ugani wengi walipewa pikipiki mwaka 2022 tunashukuru, lakini mafuta ya kuipandisha huku ni habari nyingine, na mwenyewe anakiri chuoni walimfundisha zaidi mbolea za dukani na viuatilifu. Mkulima anavumilia misimu miwili anarudi dukani, ripoti inamhesabu bado kama mnufaika.

Watu wanapenda kutupiga na Sri Lanka, eti si mliona 2021 serikali yao ilipiga marufuku mbolea za viwandani, mpunga ukaanguka, kabla mwaka haujaisha wakaruhusu tena. Ni kweli ilitokea. Lakini kule walibadilishiwa kilimo ndani ya msimu, mboji ya kutosha haipo, mafunzo hayapo, wakulima wenyewe wanasikia redioni. Kwangu mi hiyo ni hoja ya kuongeza elimu na sapoti, wala sio ya kuacha kilimo hai.

Na huku kwetu tuna yetu ya kukumbuka. Mwaka 1955 mkoloni alitaka kulazimisha matuta ya ngazi Uluguru, watu wakagoma mpaka zikatokea vurugu upande wa Matombo na mpango ukafa. Lakini njoo Mgeta leo uone matuta ya mboga yalivyojipanga mpaka juu, hayo watu waliyakubali kwa sababu mboga ilikuwa inalipa na maji ya mfereji yalikuwa yanafika. Mluguru hakatai matuta, anakataa kazi ya bure.

Wapo wanaofanya vizuri na lazima niwataje. Shirika la SAT (Sustainable Agriculture Tanzania) pale Morogoro wana kituo chao cha mafunzo Vianzi, unakaa unashika jembe, unakula mboga uliyoiona inalimwa, na wanafanya utafiti na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) kwa maswali yanayotoka kwa wakulima wenyewe. Jarida la Mkulima Mbunifu nalo limekuwa likitoka tangu 2011, kwenye kikundi linasomwa mpaka linachanika, na faida yake ni kwamba linarudi kila mara. Halafu kuna huu mfumo shirikishi wa uhakiki, PGS, ambao nauona ndo shule yenyewe ingawa wengi wanauchukulia kama njia ya kupata cheti cha bei nafuu. Wakulima wa kikundi mnakaguana, mnaingia shambani kwa mwenzenu na daftari, mnaangalia stoo yake, mpaka wake na jirani, mbegu alizonunua, mnamuuliza maswali, akiwa na shida mnamsaidia hapo hapo, mkiridhika mazao yanaweza kubeba alama ya Kilimohai inayotambulika Afrika Mashariki kwa viwango vya 2007. Jirani yako ndo mwalimu na ndo polisi, na habadilishi namba ya simu mradi ukiisha. Lakini hata PGS inataka mtu wa kuilea miaka ya mwanzo, na inataka mnunuzi mwisho wa barabara, bila hivyo alama inabaki kwenye faili.

Sasa serikali. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa Agosti 2022, mfuko wa mbolea ya DAP ukashuka mpaka shilingi 70,000, wakulima wengi walipumua na mi siwaonei wivu. Naomba tu hesabu iwe sawa, anayetengeneza mboji yake mwenyewe hana mfuko wa kudai ruzuku, basi thamani ile ile apewe kwa njia ya mtu wa kumtembelea na mbegu bora. Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023 mpaka 2030 upo, ulizinduliwa Novemba 2023 kule Dodoma, sasa ushuke mpaka kwenye bajeti ya halmashauri uonekane kwa jina, hata kama ni fungu la mafuta ya pikipiki na maafisa wawili waliosomea kilimo hai kila tarafa.

Na Dar es Salaam msikae kama haiwahusu. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndo mnaoga na kupikia. Miaka ya nyuma upande wa Kibungo Juu, huku huku Uluguru, mashirika ya CARE na WWF waliendesha mpango ambao wakulima walilipwa kwa kutunza miteremko, na Dawasco, shirika la maji la Dar la wakati ule, ikachangia, kwa hiyo sio ndoto nimeota usiku. Mkulima wa mlimani akilipwa kidogo misimu ya mpito avuke bila kurudi kwenye sumu, anayefungua bomba Tabata naye anafaidika.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Mkiletewa habari ya semina na picha yake, muulizeni mratibu atarudi tarehe ngapi, muandike hiyo tarehe, na siku hiyo mpigieni mkulima mmoja aliyekuwepo mumuulize kama alimuona.

Mkulima wa mboga,
Mgeta, Mvomero