Dengi imeisha ila kifua cha mwanangu bado kinanipa hofu, naombeni ushauri

Habari zenu wazazi wenzangu, na madaktari kama mpo. Nakaa Temeke, mwanangu wa kiume ana miaka 7. Wiki 3 zilizopita alishikwa na homa kali, kichwa, macho yanauma kwa nyuma, nikajua malaria, kupima hakuna kitu. Zahanati wakamtundikia dripu, kesho yake wakaongeza nyingine.

Siku ya 5 homa ikashuka yenyewe, jamani nilivyofurahi! Kumbe ndo kwanza. Usiku uleule tumbo likaanza kumuuma, anatapika, anahema harakaharaka mbavu zinabonyea, kulala chali hawezi. Tukakimbilia hospitali kubwa, wakasema dengi, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zimeshuka, na eksirei ikaonyesha maji kifuani upande wa kulia, nje ya pafu. Daktari alinieleza vizuri, Mungu ambariki, kwamba dengi hatari yake inakuja homa ikishuka, vimishipa vya damu vinavujisha maji yanaingia kifuani na tumboni, halafu baada ya siku 1 au 2 mwili unaanza kuyarudisha wenyewe kwenye damu, sasa hapo dripu zikizidi ndo mtoto anazidi kubanwa. Kumtoboa kifua wayatoe hayo maji hawakutaka, waliogopa atavuja damu. Wakampunguzia dripu, wakamwekea oksijeni, dawa ya homa ni parasetamo tu, diklofenaki na aspirini wakanikataza kabisa.

Sasa tuko nyumbani wiki ya pili. Homa hana, anakula, ila usiku anakohoa kikohozi kikavu na akikimbia kidogo anasimama anashika ubavu uleule wa kulia. Mama mkwe anasema ni nimonia ya baridi, baba yake anataka tumrudishe zahanati akatundikiwe dripu apate nguvu, na mimi kwa niliyoyaona hilo sikubali, tunagombana kila siku. Usiku nikimsikia anakohoa nawaza hadi TB.

Kliniki ni wiki ijayo. Aliyeuguza mtoto hivi anisaidie, kuchoka na kikohozi viliisha baada ya muda gani? Nisubiri tarehe au nimpeleke kesho wampige eksirei nyingine? Na huyu mbu anayeleta dengi anauma mchana, neti tunalalia usiku, shuleni kwao matairi yamejaa maji, na nimeambiwa dengi ya mara ya pili inaweza kuwa kali zaidi. Nyie mnawakinga vipi wanenu mchana?