Rukia, naomba kile kigari cha Salim

Tudor, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ila mvua imetushika tangu Alhamisi na nguo hazikauki. Bi Time anakusalimu, na bado yuasema hujamrudishia sinia lake. Nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe. Nakuandikia sasa kwa kuwa Nunu amelala, tiketi iko mezani mbele yangu, na moyo hautulii.

Nakwenda Maskati. Mimi na Nunu, peke yetu. Babake yuko melini hadi mwezi wa 12.

Ni mama. Ile presha ya macho imezidi. Daktari wa huko kamwambia kaka kuwa matone yatasaidia kulinda kilichobaki, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Jumatano tulipiga simu ya video. Akaishika simu mbele ya uso kabisa, akawa anaisogeza kidogo kidogo. "Sasa naona jicho. Ngoja. Sasa naona pua. Yuacheka, ama?" Anamwona somo yake vipande vipande, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Nunu akadhani nyanya anacheza naye kujificha, akaibusu simu, kioo kizima kikajaa mate. Mama akauliza, "Mbona giza?" Nikamwambia mtandao umekatika. Sikuweza kuendelea.

Kila mtu hapa ananiambia ningoje. Mke wa Hamisi, mama mkwe, hata fundi wangu wa cherehani. Mtoto wa mwaka na miezi 11 atakumbuka nini, mpeleke akiwa na akili zake. Hatakumbuka, najua. Lakini Rukia, simpeleki Nunu akakumbuke. Nampeleka aonwe. Tukingoja akili za Nunu zikomae, mama atabaki kumpapasa uso.

Sasa hii tiketi. Tunaondoka tarehe 6, tunarudi tarehe 29. Nunu anatimiza miaka 2 tarehe 17, tukiwa huko huko. Aliyenikatia aliniuliza umri wake wa leo tu, akamwandika mtoto wa kupakatwa kwenda na kurudi. Nimekuja kugundua mwenyewe jana nikikuna nazi: akishatimiza miaka 2 hapakatwi tena, sharti awe na kiti chake. Ningefika uwanjani kule siku ya kurudi nikaambiwa nilipe papo hapo, kwa bei ya siku hiyo, na mtoto begani. Nimeudhika kweli. Hapa naweza kukopa kwenye chama. Kule ningemgeukia nani, kaka ambaye matibabu ya mama yako juu yake? Kesho niko mlangoni kwa huyo aliyenikatia tiketi kabla hajafungua.

Mengine yako sawa. Pasipoti ya Nunu ilichelewa kwa sababu ilihitajika ridhaa ya babake, mpaka meli ilipotia nanga Durban ndipo akapata pa kusaini. Chanjo ya homa ya manjano tumedungwa sote wawili mapema, maana cheti hakihesabiki mpaka zipite siku 10. Nunu alilia kidogo tu, kisha akataka kumshika daktari mkono.

Kinachonitia hofu ni masikio. Salim ulimsafirisha Umra akiwa bado ananyonya, ndege ikishuka unampa ziwa basi. Wangu ameacha ziwa tangu Shaabani. Wanasema ameze kitu wakati wa kushuka ili masikio yazibuke, na mtoto huyu akiwa na usingizi hata maji ayatema. Halafu Dubai tutangoja ndege ya pili muda wa saa sita nzima, usiku wa manane. Leso ya kumbebea ninayo, lakini mgongoni Nunu, mkononi begi, na begani achari na mabuyu ya mama, sitafika. Ndiyo maana naomba kile kigari kinachokunjika. Nasikia unakisukuma mpaka mlango wa ndege, ndipo wanakichukua.

Nimemshonea gauni la manjano makali, manjano ya embe bivu. Nataka mama ampate haraka akianza kukimbia sebuleni. Kaka ameniambia zulia lao ni la buluu iliyoiva, basi Nunu ataonekana vizuri juu yake. Jana nilimvika nikamwambia atembee kule mwisho wa ukumbi, nikafumba jicho moja, nikalikunjia jingine ngumi nichungulie kwenye katundu. Nilimpata. Akatoka, nikampata tena.

Niambie basi. Je, Salim ulimpa nini cha kumumunya? Kigari kilirudi kizima, au walikivunja gurudumu? Ulimlaza wapi pale mlipongoja? Ukihitaji kwenda msalani ulimwachia nani, au uliingia naye? Na maziwa yake walikuruhusu kupita nayo kwenye ukaguzi, au walitaka uyaonje kwanza? Na wewe, mgongo umepoa? Mwanao wa kwanza kafanyaje kwenye mtihani?

Kigari mpe yule kijana wa matatu wa asubuhi, nitakingoja Buxton. Nipigie kwanza akishaondoka Malindi.

Wako,
Mwanaidi