Mama, sukari ikae mezani

Leicester, Uingereza

Kwa Mama,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Baba naye mpe shikamoo yake, wadogo zangu na majirani wote salamu. Mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyofundishwa kuandika shuleni. Baridi imeshaanza kuuma huku. Saa kumi na moja jioni giza limetanda. Fedha za dawa za Baba nimetuma Ijumaa, mdogo wangu aangalie simu yake.

Juzi tulipoongea kwa video uliniambia nimekonda, ukaniuliza kama kuna ugonjwa nawaficha. Mtandao ukakatika kabla sijajibu, na ninavyokujua, tangu siku hiyo hulali. Basi nakujibu kwa kirefu. Mdogo wangu akusomee taratibu, na pale pa Baba amsomee Baba mwenyewe. Sina ugonjwa. Nimepunguza sukari, na nimerudi kula chakula.

Nasema nimerudi kwa sababu nyie mnadhani Ulaya watu tunakula vizuri. Sisi wa zamu za usiku kwenye nyumba za wazee hatuli, tunadokoa. Tunaingia saa mbili usiku, tunatoka saa mbili asubuhi. Chumba cha wafanyakazi hakikosi biskuti, keki iliyobaki ya siku ya kuzaliwa ya mzee fulani, na yale makopo makubwa ya chokoleti ambayo jamaa za wazee hutuletea kutushukuru. Hakuna anayepika. Ikifika saa tisa usiku, mwili unataka kulala na kengele za vyumbani zinalia, mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo. Asubuhi ukitoka unanunua mkate, unakula vipande vinne na jamu, unalala. Jioni unaamka, chai, unaondoka. Wiki inaweza kwisha hujaonja mboga ya majani.

Na chai yenyewe unaijua Mama, ni ile uliyonilea nayo. Ila kikombe cha huku ni mara mbili ya vikombe vyako vya maua, na nilikuwa natia vijiko vitatu. Kwa usiku mmoja vikombe vitano. Piga hesabu: vijiko kumi na tano, kila kijiko cha chai ni kama gramu 4, tayari gramu 60. Wataalamu wa hapa wanasema mtu mzima asizidishe gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko saba hivi, na humo wanahesabu asali na juisi. Kwa hiyo kabla sijagusa biskuti hata moja nilikuwa nimeshakula sukari ya siku mbili.

Zahanati waliniita kupimwa kwa kuwa nimevuka miaka arobaini, ndiyo desturi yao. Wakapima kile kipimo ambacho huko mnakiita sukari ya miezi mitatu. Hapa Baba asogee asikilize.

Baba ana mtindo wake, na asikasirike nikiusema. Zikibaki siku tatu aende kliniki, anaacha chai ya sukari, anaacha wali, anakula mchicha na samaki wa kuchoma, kisha anakwenda kifua mbele. Kipimo cha kidole kitamsifu. Hiki kingine hakidanganyiki. Sukari iliyomo kwenye damu hujishika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo daktari anasoma miezi miwili mitatu iliyopita, pamoja na harusi ya kwa jirani na kaimati zake. Huku wanahesabu hivi: chini ya 42 uko salama, 42 mpaka 47 uko mlangoni mwa kisukari, 48 umeingia. Huko huandika kwa asilimia, 48 ya hapa ni 6.5 ya huko. Mimi nilikuwa 43. Muuguzi akaniambia mlangoni mtu anaweza kugeuka akarudi. Mara ya mwisho nimepimwa 40. Basi usilie Mama.

Alinipa vijitabu vyenye picha za brokoli. Nikavisoma kwa heshima, nikaviweka. Nilichofanya ni kupanda basi kwenda Belgrave Road, mtaa wenye maduka ya Wahindi. Wengi wao walitoka Uganda mwaka 1972 Amin alipowafukuza, wengine Kenya na kwetu Tanzania, na wapo wazee pale ukiuliza mihogo kwa Kiingereza wanakujibu kwa Kiswahili, tena kilichonyooka kuliko cha wajomba zangu wa bara. Napata kunde, mbaazi, choroko, bamia, mchicha wa mafungu. Mtaa huo huo umejaa maduka ya jalebi na ladu, kwa hiyo upande wao sipiti.

Siku ya mapumziko nachemsha mbaazi au maharage sufuria zima, nagawa kwenye vikopo, naweka kwenye friza. Kabla ya kwenda kazini nakula sahani ya mtu mzima: mbaazi za nazi, mchicha, kipande cha samaki, ugali kiasi. Saa saba usiku nina kikopo cha pili, na karanga, na chungwa. Machungwa ya huku ukiyalinganisha na ya Muheza utacheka, lakini nakula. Na jambo lililonishangaza ni hili: uchu wa vitamu ulipungua kabla sijaanza kupambana nao. Sehemu kubwa ilikuwa njaa tu. Mwenzangu mmoja kazini anasali, anaapa, anatupa biskuti zote Jumatatu, na Alhamisi amenunua nyingine. Hana uroho yule, ila tangu mchana hajala kitu.

Chai ndiyo iliyonisumbua. Wapo waliosema acha siku moja kwa mpigo, na wapo wanaoweza. Mimi kichwa kiliniuma nikawa mkali hata kwa wazee wa watu. Nikaona bora nipunguze nusu kijiko, nikae hapo mpaka ulimi uzoee, ndipo nishuke tena. Nikaongeza iliki na tangawizi mbichi, na kijiti cha mdalasini. Vile vidonge vya utamu bandia nilivijaribu, havikunipendeza, na ulimi unabaki kudai utamu uleule. Sasa niko kwenye nusu kijiko na sina haja ya kushuka zaidi. Wiki iliyopita walichanganya vikombe, nikapewa chai ya vijiko vitatu, ikanishinda kumeza. Mimi, mwanao!

Soda nimeacha bila hata kuagana nayo. Wapeni wadogo zangu habari hii: tangu Aprili 2018 serikali ya huku inatoza kodi vinywaji vya viwandani kwa kadiri ya sukari iliyomo. Kikiwa chini ya gramu 5 katika kila mililita 100, hakilipiwi. Kampuni nyingi zikaona afadhali zipunguze sukari kuliko kulipa, ingawa si zote; kopo la Coca-Cola la mililita 330 bado lina gramu 35. Kwa hiyo jina kwenye chupa lisiwadanganye, maana kinywaji chenye jina moja kinaweza kuwa na sukari tofauti nchi na nchi. Wageuze chupa, wasome nyuma.

Kuna bibi mmoja namhudumia, mjane, akili yake bado inakata. Usiku akikosa usingizi hunisimulia utoto wake. Wakati wa vita vya Hitler sukari huku ilikuwa ya mgawo kuanzia Januari 1940, na mgawo haukwisha na vita. Uliendelea mpaka Septemba 1953. Peremende ziliachiwa mapema kidogo, Februari mwaka huo huo. Anasema siku hiyo watoto walipanga foleni dukani na senti zao mkononi, yeye alinunua tofi, akala zote akiwa amesimama nje ya duka, akarudi nyumbani akatapika. Anacheka mpaka meno ya bandia yanatikisika.

Nimekuletea hadithi yake kwa sababu ina mkia. Watafiti walichukua kumbukumbu za watu waliozaliwa katika miaka hiyo, wakawalinganisha na waliozaliwa mgawo ulipokwisha, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Wale ambao tumboni mwa mama na miaka yao miwili ya mwanzo hawakupata sukari nyingi, hatari yao ya kupata kisukari ukubwani ilikuwa ndogo kwa asilimia 35 hivi, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20. Sasa mdogo wangu, wewe unayesoma barua hii, uji wa mtoto usitiwe sukari. Najua hapo ulipo umeinua uso ukamwangalia Mama. Mtoto hajui uji wa sukari ukoje mpaka aonjeshwe. Mpondee ndizi mbivu ndani yake, au parachichi, anatosheka. Na juisi ya boksi si tunda.

Haya Mama, sasa ombi langu. Siji kukufundisha jiko, jiko lako ndilo lililonikuza. Lakini kila nikija naona chupa mbili za chai: ile kubwa nyekundu ya nyumba nzima, uliyotia sukari tangu sufuriani, na ile ndogo ya Baba peke yake. Baba anamimina yake amegeukia ukutani kama mtu aliyeadhibiwa. Na wewe unajua, na mimi najua, kwamba ukitoka kwenda sokoni anamimina ile kubwa.

Pika chai moja. Isitiwe sukari. Kopo la sukari likae katikati ya meza, na kijiko chake kiwe cha chai, si kile cha kupakulia. Kila mtu atie mwenyewe akijiona. Baba atakunywa inayonywewa na wote, na wadogo zangu watajua kwa mara ya kwanza wanatia vijiko vingapi, maana sufuriani hakuna anayehesabu. Utasema mgeni ataona amenyimwa. Mgeni gani? Shangazi? Shangazi msogezee kopo limejaa pomoni mbele yake, hatakuwa na la kusema, na akilipata tutalizoea, tumezoea mengi ya Shangazi. Halafu kumbuka mwanzoni mwa 2024, mvua zilipoharibu uzalishaji sukari ikaadimika na bei ikapaa. Mlikunywa chai ya nusu sukari nyumba nzima na hakuna aliyelalamika zaidi ya siku mbili.

Asali pia isiwe njia ya uchochoroni. Najua inaponya, Qur'ani imeitaja, lakini damu ya Baba ikiipata inapanda vilevile. Jirani anayemwambia asali ni ruhusa awe na adabu.

Ila kuna jambo moja msilikosee. Dawa anazotumia Baba nyingine huweza kushusha sukari ikapitiliza, hasa akichelewa kula. Mkimwona anatetemeka, jasho linamtoka bila joto, au anaongea maneno yasiyoungana, hapo mpeni sukari haraka, maji ya sukari au soda ya kawaida, kisha ale, na akilegea mno asiweze kumeza msimlazimishe kunywa, mkimbizeni hospitali. Peremende zake za mfukoni aachiwe. Na kabla hajabadilisha mlo wake kwa kiasi kikubwa, daktari aambiwe, huenda dawa nazo zikahitaji kupunguzwa.

Nitakuja Inshallah kabla ya Ramadhani, nikae mfungo wote. Kaimati zako sitaziacha, usianze kunihurumia, wala tambi za nazi. Nitakula sahani yangu ndogo baada ya futari ya mihogo na samaki, nikiwa nimeshiba. Mbaazi za asubuhi ndizo ninazoziota. Kwa upande wa mizigo, watoto wasingoje chokoleti. Mdogo wangu aniandikie namba za viatu vyao wote, apime kwa kusimamisha mguu kwenye karatasi na kuchora, mwaka jana vile vya mkubwa vilimbana. Baba namletea kipimo cha sukari kipya na vijiti vyake. Cha zamani asikitupe, betri tu imekwisha. Wewe sema unataka nini, na usiniambie "njoo tu mwenyewe", maana nikija mikono mitupu Shangazi atapata cha kusema.

Wasalaam,
Mwanao